Bwana Mita na Mfuaji Aliyeandikwa Mtoro

Mwaka umetimia leo, Kaka, tangu ulipoanguka kwenye korido ya kituo cha afya ukiwa umeshika bahasha ya ripoti ya mwezi. Ulikuwa wa nne kwenye foleni. Wewe uliyewapima watu presha mtaa mzima na kuwagombeza waliosahau vidonge, ya kwako uliipima siku ukikumbuka. Mengi tumekusamehe, ila hilo mama yetu bado. Akisikia mtu katajwa ana presha, anasonya na kugeukia dirishani.

Ninayeshika kalamu ni mimi mdogo wako, mwalimu. Familia ilikaa kikao kizima kuamua nani aandike tangazo hili la kumbukumbu la gazetini. Mkeo alisema hawezi, ataloanisha karatasi. Mwanao mkubwa, aliye kazini mbali, alituma maneno mazuri kama ya kwenye kadi za rambirambi, tukamshukuru na kuyaweka kando. Mwisho wakasema, "Mpeni shangazi, yeye ana mdomo." Basi nimepewa. Wameniomba pia niandike kwa upole, jambo ambalo hata wewe ulishindwa kunifundisha tangu tukiwa watoto.

Wapo watakaosoma hapa ambao hawakukujua, kwa hiyo vumilia nikusimulie kidogo. Kabla hujawa mhudumu wa afya ya jamii ulikuwa msoma mita wa maji, miaka ishirini na miwili. Sijui kama kuna kazi inayochukiwa kuliko hiyo, labda ya kung'oa meno. Ulifungiwa mageti, uliachiwa mbwa, watoto walitumwa waje wakwambie "baba kasema hayupo." Jina la Bwana Mita ulipewa kwa hasira. Kisha zikaja mita zinazojisoma zenyewe, mkafungishwa virago wote, na mwaka uleule kituo cha afya kikatangaza kinatafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Kwenye usaili wakakuuliza una sifa gani. Ukawajibu kwamba unamjua kila mbwa wa eneo hili kwa jina lake. Walicheka, wakakuajiri.

Miaka kumi na minne ukapita kwenye mageti yaleyale. Waliokufungia wakawa wanakutolea kiti. Hukukaa sebuleni kwa mtu mpaka ukaribishwe mara mbili, na chai ulikunywa nusu kikombe kila nyumba, ili usimkatae mtu na pia usije ukalazimika kuomba choo. Viatu vyako vilichakaa upande wa kushoto kwanza. Ulikuwa unapiga mluzi ukikaribia kona, wimbo mmoja tu, tena uliukosea. Mkeo alikuwa akisikia mluzi huo anainjika sufuria, na hadi leo kuna jioni anasimama ghafla jikoni halafu anakaa tena.

Sasa niseme habari za daftari, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Ofisi, iliyo palepale kituoni, iliwapa wahudumu wote daftari moja lenye safu za kujaza: idadi ya watu, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa. Mwishoni kabisa kulikuwa na safu ya Maoni, upana wake vidole viwili. Wenzako waliiacha tupu au wakaandika "hali nzuri." Wewe uliijaza mpaka ukawa unabandika vipande vya karatasi kwa gundi, daftari likafura. Tunanakili machache, wasomaji wajionee.

"Geti la kijani. Mgonjwa wa sukari ni bibi, mwenye jiko ni mkaza mwana. Ongea na mwenye jiko."

"Fundi viatu, kiziwi. Usipaze sauti, hasikii na hapendi kutazamwa na watu. Gusa meza yake mara mbili, subiri ainue uso."

"Walinzi watatu, chumba kimoja. Wanalala mchana. Usibishe hodi kabla ya saa tisa alasiri, utatukanwa na watakuwa na haki."

"Bibi wa ghorofa ya juu, haoni vizuri. Vidonge vya asubuhi kopo la duara, vya jioni kopo la pembe nne. Ukibadilisha makopo utamuua."

"Familia ya mwisho wa uchochoro. Siku yao ya ibada hawapokei wageni. Usiandike wamekataa huduma. Rudi kesho yake."

Na hili hapa, la maneno machache kuliko yote: "Ua wa nyuma ya ghala. Vua fulana."

Nalifafanua hilo. Fulana ni sare ya ofisi, ile isiyo na mikono, yenye mifuko mingi na maandishi mgongoni. Ua wa nyuma ya ghala wanaishi watu waliovuka mpaka, wa makabila na lugha nyingi, na wengi wao hawana karatasi. Kwa mbali fulana hiyo haina tofauti na ya askari wanaokuja kukagua vibali. Siku ya kwanza ulipoingia nayo, watu kumi na saba waliruka ukuta, na mmoja wao alikuwa mjamzito wa miezi minane. Ulirudi nyumbani umekasirika mpaka ukakataa chakula. Hukuwakasirikia wao, ulijikasirikia mwenyewe. Tangu siku hiyo ukawa unaikunja fulana na kuitia ndani ya begi kabla ya kufika kwenye kona. Ukajifunza salamu za lugha nne, zote kwa makosa. Walikucheka hadi machozi, nawe ukasema afadhali wacheke kuliko waruke ukuta.

Mratibu wa ofisi akakuona siku moja huna sare. Barua ya onyo tunayo, mkeo ameitunza kwenye kabati pamoja na vyeti vya ubatizo wa watoto. Inasema ulitoa huduma bila sare, kinyume cha mwongozo, "na kuhatarisha taswira ya ofisi." Taswira! Ulijibu kwa kurasa mbili, kwa mwandiko wako ule wa kusoma mita, ukaeleza habari za ukuta na mjamzito. Hukujibiwa. Ukaendelea kuvua fulana kimyakimya, na ofisi ikaendelea kuzipokea namba zako nzuri kimyakimya.

Katika ua huo alikuwapo mwanamke mmoja mfuaji, anayefulia watu wa maghorofani, na bintiye wa miaka minne. Alikuwa anakohoa. Ilikuchukua wiki tatu za salamu mbovu kumshawishi atoe makohozi yakapimwe. Majibu yakaja: kifua kikuu. Hiyo ni dawa ya miezi sita, kila siku, mbele ya macho ya mtu. Kituoni angeulizwa kitambulisho getini, na hana. Muuguzi wa dirisha la kifua akakuruhusu umpelekee mwenyewe.

Basi kila siku saa moja asubuhi ulisimama pale uchochoroni, yeye akiwa amekaa mlangoni pake. Anameza, anafumbua mdomo, unatia alama kwenye kadi yake na kwenye daftari lako. Maneno hayakukosekana. Mkeo alikuuliza mbele yetu sote, mezani, "Ni mwanamke gani huyo anayekuona saa moja kamili kila siku, wakati mimi nikikuomba uniwahishe sokoni unasema goti linauma?" Hukubishana naye. Kesho yake ukamwambia avae viatu mwende wote. Aliporudi aliuliza mayai yamebaki mangapi. Tangu hapo likawa linachemshwa yai la ziada kila asubuhi, kwa kuwa dawa ile haitaki tumbo tupu.

Kadi ya yule mfuaji ilifika alama mia moja thelathini na moja. Ya mia moja thelathini na mbili hukuitia, kwa sababu alfajiri ya siku ile tulikuwa tunakuvalisha suti.

Mratibu alikuja mazikoni. Alileta shada kubwa kuliko la familia na akasema umeacha pengo lisilozibika. Wala hakusema uongo, maana hata kujaribu kuliziba hawakujaribu. Siku ya tatu, nyumba bado ina waombolezaji, wakaja watu wawili kuchukua mali ya ofisi: fulana, begi, mizani, daftari. Mkeo aliwapa vyote. Walisaini kwenye karatasi na kutupa pole.

Daftari lako likaingizwa kwenye tableti. Tableti haina safu ya Maoni. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa kwamba mfumo hautambui sentensi. Nimefundisha watoto kuandika sentensi kwa miaka thelathini, na siku hiyo niliona kama nimetukanwa mimi na darasa langu lote.

Mahali pako wakawekwa vijana wawili. Hatuna ugomvi nao, ni watoto wa watu na wanajitahidi. Walipewa eneo mara tatu ya lako, gari la ofisi lenye nembo milangoni, na fulana mpya zinazong'aa. Hakuna aliyewaambia neno juu ya ua wa nyuma ya ghala. Wakaingia na gari mpaka katikati ya ua. Wewe unajua kilichotokea, na wasomaji nao wanajua. Walikwenda mara tatu, mara tatu vyumba vitupu, mara tatu wakabonyeza "hayupo." Na mfumo, ikifika mara ya tatu, unamwandika mgonjwa mtoro. Mratibu alitueleza hili baadaye kwa fahari kabisa, kwamba hakuna binadamu anayeandika neno hilo, tableti inajiandikia yenyewe.

Neno hilo nalijua. Nimeliandika kwenye daftari la mahudhurio mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, ila kwanza huwauliza watoto, "Jamani, mwenzenu yuko wapi?" Mwaka mmoja nilimwandika mtoto mtoro bila kuuliza. Alikuwa amelazwa. Nilifuta kwa raba mbele ya darasa, na aibu ile ninayo mpaka leo. Sikuwahi kumsikia mtu akijivunia kwamba aibu hiyo sasa inafanywa na mashine.

Mwanao wa kike, yule wa duka la kutoa nakala, ndiye aliyeligundua jambo hili, na wala hakuwa analitafuta. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu uondoke. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka, mashine haijapata moto. Akaingia mwanamke amejifunika mdomo kwa pembe ya khanga, ameshika mkono wa mtoto, na kwenye mkono mwingine kadi iliyokunjika.

"Habari za asubuhi, dada. Nikutolee nakala?"

"Hapana. Natafuta Bwana Mita. Watoto wanasema wewe ni mtoto wake."

Mwanao aliacha alichokuwa anafanya. "Ndiyo. Ni baba yangu."

"Mwambie samahani."

"Samahani ya nini?"

"Sijui." Yule mwanamke alikuwa anatafuta maneno moja moja. "Nimemkosea. Haji. Kila siku saa moja nakaa mlangoni, na maji. Haji. Nafikiri ni yai. Lile yai, siku nyingine sikula. Nilimpa mtoto. Labda aliona, akakasirika. Mwambie sitampa tena mtoto."

Kaka, mwanao alikuwa ameshatangaza kifo chako kwa mamia ya watu. Kwa wateja, kwa majirani, kwa waliopiga simu kutoka mbali. Maneno yalikuwa yameshalainika mdomoni kwa kutumika. Kwa huyu hayakutoka. Alishika ukingo wa kaunta na kumwangalia yule mtoto, ambaye naye alikuwa anakohoa taratibu, kikohozi cha mtu aliyekizoea.

"Baba amefariki, dada. Siku nyingi. Alianguka palepale kituoni. Hakuna aliyekuja kukwambia?"

"Nani aje?"

Yule mwanamke alikaa juu ya boksi la karatasi. Akauliza ilikuwa siku gani. Alipotajiwa, akafungua kadi na kuweka kidole kwenye alama ya mwisho, akahesabu.

"Basi hakukasirika," akasema.

"Na waliokuja na gari je? Hawakukupa dawa?"

"Gari lilikuja, tulikimbia. Wote. Tulijua ni askari." Halafu kikohozi kikambana, na alipoondoa khanga mdomoni ilikuwa na doa la damu. Mwanao akazima mashine akafunga duka. Wateja wawili waliokuwa wanakuja na vitabu vya kunakili walikuta kufuli.

Yule binti yako hana mdomo kama shangazi yake. Amechukua upole wako, na wakati mwingine hunikera. Lakini alipitia kwanza nyumbani, akabeba boksi. Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unampelekea daftari akutolee nakala, ukisema vitu vya ofisini vina miguu. Alikuwa anakutania kwamba unamlia wino. Miaka kumi na minne ya nakala ilikuwa chini ya kitanda chake. Alitoa kurasa za mwaka wako wa mwisho akaenda nazo ofisini, na mama na mtoto wakamfuata nyuma hatua tano, tayari kukimbia. Mlinzi wa getini alimjua mwanao, akawapisha wote.

Mratibu alimkaribisha vizuri, akasema ofisi bado inakuombea. Kisha akatafuta kwenye tableti na kumgeuzia kioo.

"Huyu ni mtoro. Unaona? Mara tatu hayupo."

"Alikuwepo. Alilikimbia gari lenu."

"Sasa huko ndiko kutoroka, dada yangu."

"Baba aliandika la kufanya. Hili hapa. Ua wa nyuma ya ghala, vua fulana. Soma mwenyewe."

Mratibu alisoma, akairudisha karatasi mezani kwa ncha za vidole. "Hii si nyaraka rasmi. Rasmi ni ile yetu."

"Iko wapi?"

"Ilishaingizwa kwenye mfumo."

"Nauliza daftari lenyewe."

Akaweka sawa kalamu zake. "Lilikwenda na karatasi chakavu. Lilikuwa limebandikwabandikwa, halifai kuhifadhiwa."

Mratibu akaendelea: kwamba watoro wana utaratibu wao, kwamba mgonjwa anaweza kuanza upya iwapo atafika kituoni mwenyewe kila siku na kitambulisho na mdhamini.

"Kitambulisho hana. Ndiyo sababu baba alikuwa anampelekea."

"Hapo sasa mimi sina la kufanya."

Mwanao akakusanya karatasi zake. "Sawa," akasema. "Baba alifia kwenye korido hiyo hapo nje akiwaletea jina la huyu mama, likiwa la mgonjwa wenu na si la mtoro. Mimi nakaa naye hapohapo. Nikianguka na mimi, mtakuja tena na shada."

Nilipohadithiwa maneno hayo nilisimama nikapiga makofi peke yangu, chumbani. Nilijua basi kuna kitu changu kidogo kimemwingia.

Walikaa kwenye benchi la korido, mwanao katikati. Saa ya kwanza watu waliwapita. Ya pili, muuguzi wa dirisha la kifua akatoka kwenda kunywa chai, akamwona binti yako na mama anayekohoa pembeni yake, na chai ikaishia hapo. Yule mama mnene mwenye miwani ya kamba, wewe unamjua, ulikuwa unamwogopa.

"Wewe si mgonjwa wa Bwana Mita? Mimi nimeambiwa umekataa dawa."

"Mimi?" Akatoa kadi. Alama mia moja thelathini na moja, safi, hata moja haikurukwa.

Muuguzi alizihesabu alama kwa kidole. Kisha akavua miwani, akasema neno ambalo siwezi kuliandika kwenye kumbukumbu ya marehemu, akamwita mtu wa maabara. "Hawa ni wagonjwa wangu," akamwambia mratibu aliyekuwa amechungulia mlangoni. "Wote wawili. Ukitaka kitambulisho, chukua changu."

Majibu yalikuja kama tulivyoogopa. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na umeshamfikia mtoto. Wote wakaanzishwa dawa, mama kuanzia kidonge cha kwanza, safari hii kwa miezi minane, kana kwamba zile asubuhi zote hazikuwahi kuwapo. Na nani wa kuwaangalia wakimeza? Muuguzi aliuliza hivyo, akitazama benchi. Mkeo, ambaye alikuwa ameitwa na mwanao na kufika akihema, akanyanyua mkono kama mwanafunzi wangu.

Tangu siku hiyo ni yeye anayesimama uchochoroni saa moja asubuhi, mahali pako. Goti lake nalo linauma, sasa anakuelewa. Huchemsha mayai mawili, na habandui macho mpaka kila mmoja amemaliza la kwake.

Mfuaji amemaliza dawa zake mwezi uliopita, makohozi yake ni safi. Mtoto, aliyeongezewa miezi kwa kuwa ugonjwa ulimkalia vibaya, amebakiza wiki chache. Watu wanatuambia tushukuru. Tunashukuru, ndiyo, tena sana. Lakini pumzi ya yule mwanamke haikurudi yote. Shuka likilowa hawezi tena kulinyanyua kwenye beseni, na wale wa maghorofani wameshapata mfuaji mwingine. Bintiye amejifunza kumeza vidonge kabla ya kujifunza kusoma. Haya hayakuletwa na ugonjwa peke yake. Yaliletwa na watu waliokaa kwenye viti, wakiwa na majibu yote mkononi kwa mwandiko wako, wakayatupa kwa sababu karatasi ilikuwa na gundi.

Na si huyo tu. Bibi wa ghorofa ya juu alibadilishiwa makopo, akameza vya jioni asubuhi, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka na kuteguka nyonga. Yule fundi viatu alipigiwa kelele mbele ya wateja wake mpaka akawafukuza kwa nyundo. Ile familia ya mwisho wa uchochoro imeandikwa imekataa huduma.

Linalonichoma zaidi ni wanavyokusifu. Kila tukilalamika wanatuambia, "Unajua, marehemu alikuwa mtu wa pekee." Wanalisema kwa sauti ya upole, macho chini. Nasema hapana! Hukuwa malaika, Kaka. Ulikuwa na gubu ukishindwa drafti, ulikoroma, na ulimnyima mkeo rimoti ya televisheni mpaka siku ya mwisho. Ulichokuwa unafanya ilikuwa kazi. Uliuliza mtu anaishije, ukaandika, ukarudi kesho yake. Kazi hiyo inafundishika, na wale vijana wawili wangeijua kwa wiki moja laiti wangepewa daftari. Ukimwita mtu wa pekee huna haja ya kuajiri mwingine wala kumfundisha. Unamzika, basi, unarudi kwenye tableti yako.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilituandikia. Chumba chao cha mafunzo kitapewa jina lako, na picha yako ukutani, umevaa fulana. Mama aliiangalia ile picha akauliza, "Hii wameipata wapi, na wao ndio waliomwandikia barua kwamba havai?" Tumealikwa kukata utepe. Tena wameomba, kwa heshima zote, ofisi yao itajwe katika kumbukumbu hii miongoni mwa wanaokukumbuka.

Tumewajibu. Tumesema tutakuja kukata utepe siku neno mtoro litakapofutwa kwenye jina la yule mwanamke, na daftari lako litakaposomwa ndani ya chumba hicho, Maoni yote, tangu ukurasa wa kwanza. Hawana haja ya kulitafuta kwenye karatasi chakavu. Mwanao amesema atawatolea nakala mwenyewe. Mpaka tunapeleka tangazo hili gazetini hawajatujibu, na neno lile bado liko kwenye mfumo wao.

Hatutakusahau siku zote za uhai wetu, sisi uliotuacha: mama yetu, ambaye sasa anapimwa presha kila Jumatatu, anakasirika lakini anapimwa; mkeo; mwanao mkubwa na mkewe; mwanao wa duka la nakala; wajukuu zako watatu, na yule wa nne ambaye hukumwona; mimi mdogo wako; na muuguzi wa dirisha la kifua, aliyesema akiachwa nje ya orodha tutamjua.

Nafasi iliyoombwa na ofisi tumempa mfuaji wa ua wa nyuma ya ghala, pamoja na bintiye. Jina lake anaogopa kulitoa gazetini. Tulimwuliza basi tumwandike vipi. Akaandika mwenyewe, kisha akamwomba mkeo amsahihishie Kiswahili, na mkeo akamwambia hakina kosa. Ameandika hivi:

"Bwana Mita, mimi sikutoroka. Nilikuwa mlangoni, nakusubiri."